Wamemtoa uvimbe wote, sasa mionzi ya nini tena?

Hili swali la mionzi ya kansa baada ya oparesheni nimeulizwa na ndugu zetu wa Pangani, nimeulizwa na majirani, na kwenye grupu la WhatsApp la familia lilikua linarudi kila mchango ulipoitishwa. Si mlisema oparesheni imeenda vizuri, si uvimbe umetolewa wote, sasa hela ya mionzi ya nini tena? Nimeona bora niandike majibu yote sehemu moja, maana najua kuna familia nyingine saa hizi iko kwenye kipindi kile kile, mgonjwa katoka wodini, nyuzi zimetolewa, kila mtu anashusha pumzi, na hapo hapo ndipo mambo yanapoharibika kwa sababu mtu anarudishwa kijijini "akapumzike kwanza" halafu mionzi inasogezwa mpaka baada ya mavuno, au mpaka Idi ipite.

Mimi sio daktari. Nimemuuguza baba yangu mdogo, kansa ya ulimi, pembeni upande wa kushoto. Ilianza kama kidonda kidogo ambacho kila mtu alisema ni jino linamkwaruza, na yeye ugoro ameweka mdomoni tangu ujana wake. Wakamkata sehemu ya ulimi na wakamtoa matezi ya shingo upande ule. Hapa naandika nilivyoona, walivyonielekeza madaktari na manesi (nilikua naandika kila kitu kwenye daftari) na nilivyosoma mwenyewe usiku watu wakilala. Kila mgonjwa ana hali yake, kwahiyo haya yatumieni kuuliza maswali kwa daktari wenu, sio kujitibu.

Tuanze na ripoti ya patholojia kwa sababu ndio inayoamua kila kitu na ndio karatasi ambayo familia nyingi hazijui hata kama ipo. Nyama yote iliyokatwa inapelekwa maabara, wanaikata vipande vyembamba wanaiangalia kwenye darubini, na wanatafuta mambo kadhaa. Kwanza kingo, yaani pale kisu kilipopita, je seli za kansa zimefika mpaka ukingoni au karibu sana na ukingo? Pili matezi, mangapi yana kansa, na hili la muhimu kuliko yote, je kansa imebaki ndani ya tezi au imetoboa ganda la tezi ikatoka nje? Wanaangalia pia kama imefuata mishipa ya fahamu na imeingia kina gani. Kama uvimbe ulikua mdogo, kingo safi, matezi safi, kuna wagonjwa ambao oparesheni peke yake inatosha na wanaendelea na kliniki tu. Kwahiyo sio kweli kwamba kila aliyekatwa lazima apigwe mionzi. Ila kama kingo sio safi au kansa imetoka nje ya ganda la tezi, hapo mionzi peke yake hawaioni inatosha, wanaongeza na kemo, yaani dawa za kuua seli za kansa.

Hili la kuongeza kemo halikutoka hewani. Mwaka 2004 zilitoka tafiti mbili kubwa kwenye jarida moja, toleo moja, moja ya Ulaya na nyingine ya Marekani, zote zilichukua watu waliofanyiwa upasuaji wa kansa za kichwa na shingo wakiwa kwenye hatari kubwa ya ugonjwa kurudi, nusu wakapewa mionzi tu, nusu mionzi pamoja na dawa inaitwa sisplatini. Kwa waliopewa vyote viwili, wachache zaidi kuliko wenzao ndio walirudiwa na kansa pale pale kichwani na shingoni, ila madhara yalikua makali zaidi. Baadae matokeo yakaunganishwa, ikaonekana wanaofaidika zaidi ni hao hao wawili, wenye kingo zenye kansa na wenye kansa iliyotoboa tezi. Baba mdogo alikua na tezi iliyotoboka. Daktari alituonyesha mstari ule kwenye ripoti kwa kidole, akatueleza, na ndio nikaelewa kwamba kilichotolewa ni kile kinachoonekana kwa macho na mikono ya daktari, na mionzi ni kwa ajili ya zile seli ambazo hata CT skani haizioni.

Sasa muda. Hapa naomba msome polepole.

Siku ya oparesheni saa inaanza kuhesabu. Lengo ambalo madaktari wanalifuata ni mionzi ianze ndani ya wiki 6 baada ya upasuaji. Na hawahesabu kuanza tu, wanahesabu mpaka kumaliza. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2001 ambao uliangalia muda wote kwa pamoja, kuanzia kisu mpaka mionzi ya mwisho, na waliomaliza chini ya wiki 11 walikua na hali nzuri zaidi kuliko waliovuka wiki 13. Ukipiga hesabu, mionzi yenyewe inachukua wiki 6, kwahiyo una wiki 5 tu za kupona kidonda, kupata majibu, kutibu meno, kupima, kutengenezewa barakoa ya kushikilia kichwa (nitaieleza chini) na kupangiwa mashine. Tano! Na majibu ya patholojia peke yake yanaweza kukaa wiki mbili au zaidi. Ndio maana nasema mambo haya yanatakiwa yapangwe kabla hata mgonjwa hajaingia theta: atakaa wapi, nani atampeleka, nani anafuatilia majibu maabara. Sisi tulimpa kazi hiyo mtu mmoja, mdogo wangu, kazi yake ilikua kwenda dirishani kuulizia majibu na hakuna kingine alichoulizwa na familia.

Dozi ya kawaida baada ya upasuaji ni Gray 60 (Gray ni kipimo cha mionzi), inagawanywa mara 30, yaani Gray 2 kila siku, Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki sita. Sehemu yenye hatari zaidi inafika Gray 66. Watu wanauliza kwanini wasimpige yote siku moja mzee akarudi kwake. Kwa sababu nyama nzima ingekufa pamoja na kansa. Wakigawa, nyama nzima inapata nafasi ya kujitengeneza kati ya siku na siku, na seli za kansa zinashindwa kujitengeneza vizuri hivyo. Ila ukiacha pengo refu katikati, hata kansa nayo inapata nafasi ya kuzaliana upya, na kansa za mdomo na koo zinazaliana haraka. Kwahiyo mtu anayekatisha wiki nzima kwa sababu ya msiba kijijini (najua ni vigumu, msiba ni msiba) anairudishia kansa kile ambacho amekilipia kwa maumivu.

Na mashine nayo inaweza kuzima. Kwetu ilizima katikati ya matibabu, tukaambiwa tusubiri simu. Hapo ndio nikajifunza swali la kuuliza: siku zilizopotea zitafidiwaje? Kuna njia, wanaweza kumpiga mara mbili kwa siku na kuacha angalau masaa 6 katikati, au kumpiga Jumamosi, ili asivuke muda. Daktari ndio anaamua ila uliza, usikae kimya nyumbani ukisubiri simu. Wenzetu Uganda mwaka 2016 mashine yao ya mionzi pale Mulago, ambayo ilikua moja tu kwa nchi nzima, iliharibika kabisa na mpya ikaanza kazi 2018. Fikiria mtu aliyekua kafika nusu. Kwetu huku wengi tunaishia Ocean Road hapa Dar au Bugando kwa watu wa kanda ya ziwa, kwahiyo mtu wa Lindi, wa Pangani, wa Songea anahama nyumbani kwake mwezi na nusu. Hiyo gharama ya kuishi mjini haipo kwenye risiti yoyote na ndio inayowashinda watu. Kabla hamjakata tamaa nendeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, ipo, muulize kuhusu msamaha wa gharama na sehemu ya kufikia, na muende mapema sio wakati mnadaiwa.

Meno. Huwezi kuamini meno yanavyoweza kuchelewesha mionzi. Taya likishapigwa mionzi damu inapungua kwenye mfupa, na ukija kung'oa jino baadae lile shimo linaweza lisipone, mfupa unakufa, unatokeza mpaka nje. Kwahiyo meno yote mabovu yaliyo kwenye njia ya mionzi yanang'olewa kabla, na kidonda kinahitaji kama wiki mbili kupona. Mkipelekwa kwa daktari wa meno wiki ya nne baada ya oparesheni, tayari mmechelewa. Kuna hospitali wanang'oa pale pale theta mgonjwa akiwa amelala, ombeni hilo. Baba mdogo yalimtoka kadhaa siku ile ile ya upasuaji.

Halafu barakoa. Sijawahi kuona mtu anaielezea hii kwa Kiswahili kwahiyo acha niieleze vizuri, maana ndio iliyomtisha mzee kuliko hata kisu. Ni shiti ya plastiki nyeupe yenye vitundu vidogo vidogo kote, imebanwa kwenye fremu. Wanaitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto mpaka inakua laini kama chapati iliyotoka jikoni, wanaifuta, halafu watu wawili wanaishusha juu ya uso wake akiwa amelala chali, wanaivuta mpaka mabegani na kuibana mezani kwa vibano pembeni. Ni ya uvuguvugu, haichomi. Wanapapasa kwa vidole kwenye pua, kidevu, shingo, ili ishike umbo lake, na baada ya dakika chache inakauka inakua ngumu. Anapumua kupitia vile vitundu. Alama zote za kulengea zinachorwa kwenye barakoa kwahiyo usoni hawamchori. Kila siku anarudi kwenye barakoa ile ile, imeandikwa jina lake, na haruhusiwi kusogea hata kidogo kwa sababu mionzi inapita karibu na uti wa mgongo na tezi za mate, milimita chache ni tofauti kubwa.

Mzee siku ya kwanza alishika mkono wa yule fundi wa mionzi akawa hamwachii. Yule kijana akamwambia, "Mzee wangu, shikamoo, ukitaka nisimamishe inua mkono huu tu, nakuona kwenye kamera muda wote." Akamwachia. Kama kuna mhudumu wa mionzi anasoma hapa, ile sentensi yako moja ilitusaidia kuliko vipeperushi vyote. Mionzi yenyewe haiumi wakati inapigwa, ni kama kupigwa picha, na akitoka hana mionzi mwilini, anaweza kubeba wajukuu, kulala na mkewe, kula sahani moja na watu. Nasema hivi kwa sababu tulikua na ndugu waliowaondoa watoto chumbani kwake na niliona alivyoumia.

Wiki ya kwanza na ya pili mtu anajiona mzima, anauliza mbona hakuna kitu. Kuanzia wiki ya tatu mdomo unaanza. Ndani unakua mwekundu, halafu vinatoka vidonda vyenye utando mweupe, mate yanakua mazito yanavutika, ladha inaondoka kabisa. Alikua anasema samaki ni kama karatasi, chai ni kama chuma. Ngozi ya shingo inaiva, inakua nyeusi, inachubuka. Na hili hatukuambiwa mapema kwahiyo nawaambieni nyie: mionzi ikiisha, madhara yanaendelea kuzidi kwa kama wiki mbili nyingine ndio yanaanza kushuka. Watu wanamaliza wanasherehekea, wiki inayofuata mgonjwa yuko hoi wanadhani kansa imerudi. Hapana, ni mionzi bado inafanya kazi.

Sasa niingie jikoni maana kiukweli mimi naamini wiki hizi sita zinafanikiwa au kushindikana jikoni. Mtu akikonda sana, barakoa inalegea. Ikilegea kichwa kinacheza ndani yake, ikicheza hawawezi kumpiga sawasawa, wanalazimika kumpima upya na kumtengenezea nyingine, siku zinakwenda. Akikonda anaishiwa nguvu ya kemo, kemo inaahirishwa. Unaona sufuria lako lilivyounganishwa na ile mashine? Kwahiyo tulinunua mizani, kila Jumatatu asubuhi kabla hajatoka anapanda, naandika.

Mchana wa kawaida kwetu ulikua hivi. Uji nausaga mwenyewe sipiki wa kununua, mahindi na ulezi kidogo, karanga zilizosagwa laini kabisa maana kipande kimoja cha karanga kwenye kidonda ni kilio, maziwa badala ya maji, mafuta vijiko viwili, ukishaiva unapasua yai unakoroga kwenye moto mpaka liive lote. Nauchuja kwa chujio la chai. Nauacha upoe mpaka wa vuguvugu kwa sababu moto unamuumiza na baridi sana pia, ingawa kuna wagonjwa wanapenda baridi. Anakunywa kikombe kidogo kila baada ya masaa mawili, sio bakuli mara tatu, bakuli linamkatisha tamaa akilitazama tu. Parachichi na maziwa kwenye blenda. Mtori wa ndizi na nyama iliyosagwa. Bokoboko, hili alilipenda mwenyewe, analijua toka utoto, nikawa nalilegeza kwa mchuzi wa kuku. Tui la nazi kila mahali. Vitu tulivyoondoa ni pilipili, limao, nyanya nyingi, machungwa, soda, na vitu vikavu kama mkate. Umeme ukikatika blenda hamna, kwahiyo muwe na kinu na mchi na chujio.

Ikafika mahali kikombe hakishuki tena, hata maji. Akawekewa mpira wa kulishia kupitia puani. Ndugu wakasema sasa imekua mbaya, kawekewa mipira. Nawaomba msione mpira kama dalili ya kufa, ule mpira ndio uliomfikisha mwisho. Wengine wanawekewa wa tumboni mapema kama daktari anaona wiki zitakua ngumu. Chakula kile kile ila chepesi na kilichochujwa mara mbili, anakaa wima wakati wa kulishwa na nusu saa au zaidi baada ya hapo, na unasukuma maji safi kabla na baada ili usizibe. Na kitu kimoja tulichoelekezwa: hata kama ana mpira, ameze. Mate, kijiko cha maji kama madaktari wamesema ni salama kwake, mara kadhaa kwa siku. Misuli ya koo isipotumika wiki nyingi inasahau kazi yake na kuna watu wanabaki na mpira maisha yote kwa sababu hiyo. Wataalamu wa kumeza na kuongea kwetu ni wachache mno, mkimpata mmoja muombeni mazoezi yaandikwe kwenye karatasi mkafanye nyumbani.

Kusukutua mdomo: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kimoja cha bikaboneti ya soda, ile nyeupe laini ya dukani, sio magadi ya kupikia maharage. Anasukutua na kutema kila baada ya masaa machache na kila baada ya kula. Mswaki laini kabisa. Zile dawa za kusukutua zenye spiriti acha, zinachoma. Shingoni hakuna kunyoa kwa wembe, hakuna manukato, hakuna kola ngumu, alikua anavaa shati la kola wazi na kitambaa laini cha pamba akitoka juani.

Maumivu sasa, na hapa nina hasira kidogo kwa sababu tunawaachia wazee wetu waumie bure. Ukifika wiki ya nne panado haifanyi chochote. Walimwandikia morfini ya maji, ya kunywa. Shangazi akakataa kabisa, akasema hiyo wanapewa wanaokufa. Sio kweli! Mtu mwenye vidonda mdomo mzima anapewa morfini ili aweze kumeza, akimeza anakula, akila anamaliza mionzi. Vidonda vikipona inapunguzwa taratibu mpaka inaachwa, baba mdogo aliacha. Inafunga choo kwahiyo omba na dawa ya kulainisha choo siku hiyo hiyo, usisubiri.

Kemo yake ilikua sisplatini ya kila wiki, dozi ndogo. Zamani kiwango kilichozoeleka kilikua miligramu 100 kwa kila mita mraba ya mwili kila baada ya wiki tatu, na ni nzito sana. Wajapani mwaka 2022 walitoa utafiti wa wagonjwa kama huyu wetu, waliofanyiwa upasuaji na wako kwenye hatari kubwa, wakaonyesha miligramu 40 kila wiki haipitwi kwa muda ambao watu wanaishi, na madhara yake ni machache. Dawa hii inaumiza figo na masikio. Kwahiyo kabla ya kila dozi damu inapimwa kuangalia figo, anatundikiwa dripu za maji masaa kadhaa, na nyumbani anywe maji, kama hawezi kunywa yapite kwenye mpira. Akisema masikio yanapiga mluzi au hasikii vizuri usimwambie ni uzee, mwambie daktari kabla ya dozi inayofuata. Homa ikipanda ni hospitali usiku huo huo, sio asubuhi.

Mtu ameniuliza pia kuhusu zile dawa mpya za kuamsha kinga ya mwili. Ni kweli zipo, mwaka 2025 Marekani waliruhusu pembrolizumabu itolewe kabla na baada ya upasuaji kwa baadhi ya kansa hizi za kichwa na shingo zilizofika mbali kidogo, na mionzi bado ipo hapo hapo katikati. Bei yake ni kubwa sana kwa familia kama yetu, sitaki mtu auze kiwanja akiikimbilia halafu akose hela ya kukaa mjini kumaliza mionzi ambayo ndio msingi.

Na ugoro, kuberi, sigara, viachwe kabisa. Anayevuta wakati wa mionzi anapunguza nguvu ya mionzi yenyewe na vidonda vinakua vibaya zaidi. Baba mdogo kuacha ugoro kulimsumbua kuliko njaa, alikua anapapasa mfuko wa shati kila baada ya chakula. Mke wake, mama mdogo, akawa anamwekea tasbihi kwenye ule mfuko, na ikamsaidia. Mitishamba pia mwambieni daktari kabla, hasa wakati wa kemo, kwa sababu figo ndio zinabeba mzigo wote.

Baada ya kumaliza kuna mambo ambayo hayaishi, na naona watu wengi wanapotelea hapa. Mdomo unaweza kuanza kufunga polepole kwa sababu misuli ya taya inakakamaa. Kipimo cha nyumbani ni vidole vitatu vyake mwenyewe, visimamishwe wima kati ya meno ya juu na ya chini, kama haviingii mwambie daktari. Zoezi ni kufungua mdomo taratibu mara kadhaa kwa siku, baba mdogo alipewa vile vijiti bapa vya mbao vya kuangalizia koo, anavipanga kimoja juu ya kingine na kuongeza kimoja anapoweza. Bega la upande uliotolewa matezi linashuka na mkono haupandi, kwa sababu mshipa wa fahamu wa bega unapita pale pale, kwahiyo mazoezi ya kutambaza vidole ukutani kwenda juu. Mate hayarudi yote, chupa ya maji inatembea nae kila mahali, usiku iko pembeni ya kitanda. Ladha inarudi kidogo kidogo kwa miezi, ilianza ya chumvi.

Kliniki usiikose hata kama amenenepa na anatembea. Kansa hizi zikirudi mara nyingi zinarudi ndani ya miaka 2 ya kwanza, ndio maana mwaka wa kwanza wanamwita kila baada ya mwezi mmoja mpaka mitatu, halafu nafasi zinaongezeka. Wakimwita waombeni pia kipimo cha damu kinaitwa TSH, cha tezi ya thairoidi iliyo mbele ya shingo (sio yale matezi yaliyotolewa), kila miezi 6 mpaka 12, kwa sababu mionzi ya shingo inaweza kuidhoofisha ile tezi miezi au miaka baadae, mtu anakua mchovu, anasikia baridi Dar hii, ananenepa bila kula, familia inadhani ni uvivu au mawazo, kumbe ni kidonge kimoja kwa siku tu. Na kwenye simu yake na ya mama mdogo tumeandika meseji fupi ambayo yeyote atakayemtibu anaonyeshwa, hata ikiwa zahanati ya kijijini: amepigwa mionzi ya taya Gray 66, asing'olewe jino kabla ya kuwasiliana na hospitali yake ya kansa, na namba ya kliniki iko chini yake.